Fangasi wa mizizi: Dalali wa mbolea asiyeonekana

Na Mwandishi Wetu

BEI ya mfuko wa mbolea ya kupandia ndiyo inayoamua msimu wa mkulima mdogo uende vipi, na duka la pembejeo nalo liuze vipi. Mwaka 2008 bei ya DAP katika soko la dunia ilivuka dola 1,000 za Marekani kwa tani, kisha ikaporomoka. Mwaka 2022, baada ya vita vya Ukraine kuanza, ilipanda tena na kukaribia kiwango hicho. Serikali ya Tanzania iliingiza ruzuku, na katika msimu wa 2022/23 mfuko wa kilo 50 wa DAP ukashushwa hadi Sh70,000.

Kila mbolea inapopanda, sokoni huibuka bidhaa zinazoahidi kumpunguzia mkulima mzigo huo. Mojawapo ni unga wa kahawia au wa kijivu, unaouzwa kwa kilo au kwa gramu, na unaosemekana kuwa na fangasi wanaoongeza nguvu ya mizizi. Wenye maduka wanashawishiwa kujaza rafu, na wenye akiba kidogo wanaombwa wawe mawakala wa wilaya.

Swali la mfanyabiashara ni moja: je, kuna biashara hapa au ni unga mtupu? Jibu fupi ni kwamba sayansi yenyewe ni ya kweli na ya siku nyingi, lakini bidhaa nyingi zinazobeba jina la sayansi hiyo hazifanyi kazi. Atakayeelewa tofauti hiyo anaweza kupata faida. Asiyeielewa atabaki na mali iliyokufa stoo.

Ni kitu gani hasa

Tunaposikia fangasi, wengi hufikiria ugonjwa wa ngozi au ukungu unaoharibu mahindi ghalani. Fangasi wa mizizi ni jamii nyingine. Wanaishi ndani ya mizizi ya mmea ulio hai bila kuudhuru, na kutoka humo hutoa nyuzi nyembamba sana zinazosambaa kwenye udongo. Ushirika huo wa fangasi na mzizi huitwa maikoriza, jina lililotolewa mwaka 1885 na mtaalamu wa mimea wa Ujerumani, Albert Bernhard Frank.

Ushirika wenyewe ni wa kale mno. Mabaki ya mimea yaliyogeuka mawe huko Rhynie, Scotland, yenye umri wa takriban miaka milioni 400, yanaonyesha fangasi hao wakiwa tayari ndani ya mimea ya mwanzo ya nchi kavu. Leo sehemu kubwa ya mimea yote ya nchi kavu inao, yakiwamo mahindi, mtama, maharage, muhogo, migomba, kahawa, vitunguu na miembe.

Biashara inayofanyika chini ya ardhi

Kwa lugha ya sokoni, fangasi huyu ni dalali. Mmea una sukari inayotengenezwa na majani kwa nguvu ya jua. Udongo una madini, hasa fosforasi, ambayo mmea unaihitaji lakini haufiki ilipo. Fangasi anakwenda kuifuata na kuileta, naye analipwa kwa sukari na mafuta. Malipo hayo yanakadiriwa kuwa kati ya asilimia 4 na 20 ya chakula chote ambacho mmea unatengeneza. Si kamisheni ndogo.

Kwa nini mmea ukubali kulipa kiasi hicho? Sababu ni kwamba fosforasi haitembei. Naitrojeni huyeyuka na kufuata maji mpaka kwenye mzizi, lakini fosforasi hunata kwenye chembe za udongo. Mzizi ukishamaliza iliyo karibu nao, umbali wa milimita moja au mbili hivi, unabaki umezungukwa na eneo tupu ilhali sentimita chache mbele chakula kipo. Nyuzi za fangasi ni nyembamba kuliko hata vinyweleo vya mzizi. Zinavuka eneo hilo tupu, zinapenya matundu madogo ambayo mzizi hauwezi kuingia, na zinarudi na fosforasi pamoja na zinki na shaba. Aidha, nyuzi hizo hushikamanisha chembe za udongo, hivyo udongo hausombwi kwa urahisi na mvua kubwa.

Hapa kuna jambo ambalo msomaji hana budi kulishika, kwa sababu wauzaji wengi hawalisemi. Fangasi si mbolea. Haleti fosforasi mpya shambani, bali anaifikia ile iliyopo. Kama ardhi haina kitu, dalali hana cha kuuza. Na kama mkulima anavuna kila mwaka bila kurudisha chochote, fangasi atakuwa anamsaidia kumaliza akiba haraka zaidi.

Kinyume chake pia ni kweli. Shamba lililomwagiwa mbolea nyingi ya fosforasi halihitaji dalali. Mmea unajipatia wenyewe, unapunguza malipo, na fangasi wanapungua kwenye mizizi. Kwa hiyo anayeshauri mkulima aweke mfuko kamili wa DAP na juu yake anunue unga wa fangasi, mara nyingi anamuuzia kitu kimoja mara mbili.

Kwa nini nchi za joto

Udongo mwingi wa ukanda wa tropiki ni mwekundu, mkongwe na wenye tindikali. Chuma na aluminiamu zilizomo hukamata fosforasi na kuifungia. Mkulima anaweka mbolea, lakini sehemu kubwa inafungwa kabla zao halijaitumia. Fedha ipo benki, ila akaunti imefungwa. Ndiyo maana dalali wa chini ya ardhi ana thamani kubwa zaidi huku kwetu kuliko kwenye mashamba ya Ulaya yaliyolimbikiziwa mbolea kwa miongo mingi.

Muhogo ni mfano mzuri. Mizizi yake inayofyonza chakula ni minene na ina vinyweleo vichache, hivyo unategemea fangasi kuliko mazao mengi. Huko Colombia utafiti wa muhogo na fangasi ulianza miongo kadhaa iliyopita. Mwaka 2013 yalichapishwa matokeo ya majaribio ya shambani nchini humo, ambapo fangasi waliokuzwa maabara kwa wingi waliongeza mavuno ya muhogo kwa takriban asilimia 20.

Cuba nayo iliingia katika njia hii kwa shida. Baada ya Urusi ya Kisovieti kusambaratika mwaka 1991, kisiwa hicho kilipoteza msambazaji wake mkuu wa mbolea na mafuta. Taasisi ya taifa ya sayansi za kilimo, INCA, ilitengeneza bidhaa iitwayo EcoMic, ambayo mbegu hupakwa kabla ya kupandwa. Kupaka mbegu kulipunguza sana kiasi kinachohitajika kwa hekta, na baadaye tutaona kwa nini jambo hilo ni muhimu kwa mfuko wa mkulima.

Afrika Mashariki tunao ushahidi wa karibu zaidi, ingawa ni wa jamii nyingine ya fangasi. Misonobari si miti ya asili ya huku. Katika nchi nyingi za tropiki miche yake ilidumaa na kuwa ya manjano mpaka ulipoletwa udongo uliotoka chini ya misonobari iliyokomaa, wenye fangasi wake. Puerto Rico, kwa mfano, ilishindwa kuotesha misonobari mpaka udongo wa aina hiyo ulipoingizwa katika miaka ya 1950. Mpaka leo mwenye kitalu cha misonobari huko Mufindi au Njombe anajua kwamba viriba havikamiliki bila kuchanganya udongo wa msituni. Anatumia fangasi bila kununua hata gramu moja.

Jambo la kiduha

Wakulima wa mtama na mahindi wa Kanda ya Ziwa na wa magharibi mwa Kenya wanamjua adui aitwaye kiduha, gugu lenye maua ya zambarau linalonyonya zao kutoka mizizini. Mbegu zake hulala udongoni miaka mingi zikisubiri harufu ya kemikali fulani itokayo kwenye mzizi.

Kwa muda mrefu wataalamu walishangaa kwa nini mmea utoe harufu inayomwita adui yake. Mwaka 2005 watafiti wa Japani walionyesha kwamba kemikali hiyo ndiyo ambayo mmea hutumia kumwita fangasi. Kiduha amejifunza kudukua mawasiliano hayo. Mmea wenye njaa ya fosforasi huita kwa nguvu zaidi, na ndiyo maana kiduha hushamiri kwenye ardhi iliyochoka. Mmea ambao tayari una fangasi wa kutosha hupunguza wito, na mbegu chache za kiduha huota. Hii si dawa ya kumaliza gugu hilo, lakini ni sababu nyingine ya kutunza fangasi shambani.

Hesabu ya mfuko

Tuje kwenye fedha. Tuchukue mfano wa unga unaouzwa Sh5,000 kwa kilo. Bei hii ni ya mfano tu. Msomaji aweke ile aliyotajiwa.

Mkulima wa migomba anayepanda kwa nafasi ya mita tatu kwa tatu ana mashimo kama 450 kwa ekari. Akiweka gramu 20 kwa kila mche atatumia kilo 9, yaani Sh45,000. Kama mkungu unauzwa Sh7,500, mikungu sita ya ziada kwa ekari nzima inarudisha fedha hiyo.

Mkulima wa mahindi anayepanda sentimita 75 kwa 25 ana mimea kama 21,600 kwa ekari. Hata akiweka gramu 5 tu kwa kila shimo atahitaji kilo 108, yaani Sh540,000. Kama gunia linauzwa Sh60,000, atahitaji magunia tisa ya ziada kwa ekari ili tu arudishe gharama ya unga. Hakuna mkulima mwenye akili timamu atakayefanya hivyo mara mbili.

Somo ni wazi. Soko halisi la fangasi wa kununua lipo kwenye vitalu: miche ya kahawa, migomba, miembe, maparachichi, vitunguu na miti. Huko mimea mingi inakaa mahali padogo, kiasi kinachohitajika ni kidogo, na mche mmoja una thamani kubwa. Nafasi nzuri kuliko zote ni ya migomba ya maabara, ile inayozalishwa kwenye chupa. Miche hiyo hutoka ikiwa safi kabisa, bila ugonjwa lakini pia bila fangasi wowote wa kuisaidia. Kwa mazao ya nafaka, kama muuzaji hana bidhaa ya kupaka mbegu, hesabu haikubali.

Mazao mengine hayahitaji kabisa. Kabichi, sukuma wiki, haradali na figili hazishirikiani na fangasi hawa, na mchicha na spinachi kwa kawaida nazo ni hivyo hivyo. Muuzaji anayesema bidhaa yake inafaa kwa mboga zote amejifichua mwenyewe.

Bidhaa hai ina matatizo yake

Fangasi hawa wana tabia moja inayopandisha gharama ya kiwanda: hawakui bila mzizi ulio hai. Hamira unaweza kuizalisha kwenye pipa la sukari, lakini fangasi wa mizizi lazima apewe mmea, kama mtama au nyasi, kwenye chungu cha mchanga kwa miezi kadhaa, au mizizi ya karoti inayotunzwa maabara. Kwa hiyo bidhaa ya bei ya kutupa inapaswa kutiliwa shaka tangu mwanzo.

Tatizo la pili ni stoo. Kilichomo kwenye mfuko ni mbegu za fangasi, ziitwazo spora, na vipande vya mizizi. Ni vitu vyenye uhai. Vikikaa miezi kwenye duka la bati karibu na saruji na mafuta ya taa, vinakufa, na unga unabaki na rangi ile ile. Mteja hawezi kuona tofauti. Muuzaji naye hawezi.

Matokeo yake yamepimwa. Mradi wa COMPRO, ulioanza mwaka 2009 na kuendeshwa katika nchi kadhaa za Afrika, zikiwamo Kenya na Nigeria, ulichunguza zaidi ya bidhaa 100 za kibiashara za aina hii na zinazofanana nazo. Sehemu kubwa hazikuonyesha faida ya kutegemewa. Mwaka 2022 yalichapishwa matokeo ya kupima bidhaa 28 za fangasi wa mizizi, na nyingi zilishindwa hata kuingia kwenye mizizi ya mimea ya majaribio. Wakati huo huo, bidhaa za bakteria wa vinundu vya mikunde, kama Biofix inayotengenezwa Kenya, zina historia nzuri zaidi. Msomaji asichanganye hizo mbili, wala asichanganye na trikoderma, ambaye ni fangasi wa kupambana na magonjwa na hana kazi ya udalali wa fosforasi.

Mwandishi wa makala haya naye ana kovu lake. Aliwahi kununua kilo mbili za unga wa namna hiyo kutoka kwa muuzaji mmoja wa mjini na kuzipeleka kwa mama yake, Rungwe, kwenye migomba mipya. Mama aliweka nusu ya mashimo, nusu akaacha, kama alivyoombwa. Baada ya mwaka mmoja hakuna aliyeweza kutofautisha upande huu na ule. Mfuko ulipoangaliwa vizuri, haukuwa na tarehe ya kutengenezwa wala jina la fangasi. Hilo lilipaswa kuonekana siku ya kununua.

Jinsi ya kupima kabla ya kununua

Kwanza soma mfuko. Unapaswa kutaja jina la fangasi, idadi ya spora au vichipukizi hai kwa gramu, tarehe ya kutengenezwa, tarehe ya mwisho na namna ya kuhifadhi. India, ambayo ina sheria maalum kwa bidhaa hizi, inataka angalau vichipukizi hai 100 kwa gramu. Mfuko usiotaja idadi yoyote urudishe.

Pili, uliza usajili. Tanzania mbolea na visaidizi vyake viko chini ya TFRA, mamlaka iliyotokana na Sheria ya Mbolea ya mwaka 2009. Kiumbe hai kinachotoka nje ya nchi kinahitaji pia kibali cha afya ya mimea, kutoka TPHPA kwa Tanzania au KEPHIS kwa Kenya. Asiyekuwa na karatasi hizo atakuachia wewe mzigo siku ya ukaguzi.

Tatu, fanya jaribio. Chukua udongo wenye mchanga, uupike kwa mvuke kwenye pipa ili kuua fangasi wa asili, kisha uujaze kwenye viriba 20. Viriba 10 viwekee unga kama ulivyo. Viriba 10 viwekee unga uleule uliochemshwa mpaka ukafa. Panda vitunguu au mahindi, mwagilia sawasawa, na usubiri wiki nane.

Kwa nini unga uliochemshwa na si viriba vitupu? Kwa sababu baadhi ya bidhaa zimechanganywa na mbolea kidogo au mboji. Ukilinganisha na kiriba kitupu utaona tofauti na utadhani ni fangasi, kumbe ni mbolea uliyoinunua kwa bei ya dhahabu. Viriba vyote vikifanana, una jibu lako. Kwa uhakika zaidi, mizizi inaweza kupakwa rangi na kuangaliwa kwa hadubini. Maabara za vyuo vya kilimo, kama SUA cha Morogoro, ndiko pa kuulizia. Gharama yake ni ndogo kuliko tani moja ya unga uliokufa.

Fangasi wa bure

Kuna habari nyingine ambayo si nzuri kwa muuzaji lakini ni nzuri kwa mkulima. Mashamba mengi tayari yana fangasi. Wanachohitaji ni kutouawa. Kulima kwa kina mara kwa mara kunakata nyuzi zao. Ardhi kukaa tupu muda mrefu kunawaua njaa, kwa sababu hawana mizizi ya kuwalisha. Baadhi ya dawa za ukungu zinazomwagwa kwenye udongo huwadhuru. Kuchanganya mazao, kuacha mbaazi au kunde ziendelee baada ya mahindi kuvunwa, kupunguza jembe na kuweka fosforasi kwa kiasi badala ya kwa wingi, vyote hivyo vinawazidisha.

Mwenye kitalu naye anaweza kujizalishia. Anaotesha mtama kwenye kitanda chenye udongo mzuri wa shamba lisilo na magonjwa, anaukuza kwa miezi mitatu au minne, anaukata, anaacha udongo ukauke, kisha anakatakata mizizi na kuichanganya na udongo wake. Hicho ndicho anachochanganya kwenye viriba. Tahadhari ni moja: udongo wenye minyoo ya mizizi au mnyauko utasambaza ugonjwa pamoja na fangasi.

Mwekezaji aangalie nini

Kwa mwenye duka, ushauri wa ukurasa huu ni kuanza na oda ndogo, yenye tarehe mpya, kwa wateja wenye vitalu tu, na baada ya jaribio la viriba. Mali ikae mahali pa baridi, na makubaliano ya kurudisha iliyopitwa na muda yawe kwa maandishi.

Kwa anayeombwa kununua uwakala, aulize uzalishaji unafanyika wapi, kwa mmea gani, na nani nje ya kampuni ameupima. Akijibiwa kwa picha za mahindi marefu bila picha ya mahindi ya kulinganisha, aage kwa heshima.

Na kwa anayetafuta biashara ya kuanzisha mwenyewe, huenda nafasi haiko kwenye unga hata kidogo. Iko kwenye miche: kuuza mche wa mgomba, parachichi au kahawa ambao tayari una fangasi wake mizizini, kwa bei inayozidi kidogo ule wa kawaida. Hapo mnunuzi hahitaji kuamini maneno ya mfuko. Anaona mche, anaupanda, na msimu unaofuata anarudi au harudi.